Siku Mama Alipoivua Nyumba Majani

Tarehe sita ya mwezi wa tatu, Jumapili asubuhi, mama yangu alitutoka hapa Beni. Kifua kilimsumbua kwa muda mrefu. Alipata nafuu, akaugua tena, na asubuhi ile alikunywa chai kidogo, akaomba tumgeuze aangalie ukuta, na hakuamka. Tulimzika kesho yake. Niliyempoteza ni mama, lakini nikikaa kimya naona kwamba nimepoteza na kitu kingine ambacho sikijui jina. Alikuwa nacho yeye peke yake, na sikuwahi kufikiri kwamba kinaweza kwisha.

Siku za matanga jirani mmoja alituletea samaki waliofungwa katika majani ya mangongo na kuokwa motoni, chakula tunachokiita liboke. Nilipofungua, mvuke ukanipanda usoni, harufu ya jani bichi lililoungua pembeni. Sikula. Niliwapa wengine samaki, nikatoka nje na lile jani tupu mkononi. Wageni walidhani ninalia kwa sababu ya msiba. Ni kweli, lakini nilikuwa ninalilia pia nyumba. Katika harufu ile nilizaliwa.

Sisi ni Wambuti, watu wa msitu. Kambi yetu ilikuwa nyuma ya mashamba ya kijiji kimoja cha Wanande, upande wa Eringeti, mahali ambapo magari ya kwenda Ituri yanasikika lakini hayaonekani. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayekata fito, anazichomeka ardhini kwa duara, anazikunja na kuzifunga juu mpaka zinafanana na mbavu za mnyama. Kisha anakwenda kuchuma mangongo, majani mapana kuliko sahani. Anakata shingo ya kila jani kidogo ili lipate kuning'inia, na anayapanga kuanzia chini kwenda juu, jani likilalia jani, mpaka mvua ikose njia. Mwanaume hana kazi hapo. Anaweza kuketi pembeni akisuka wavu wake na kusema kwamba upande wa kulia kuna tundu, basi.

Na kila mtoto wa kambi alijua kwamba mwanamke akichoka na mume wake, hapigi kelele. Anaanza kuivua nyumba majani. Anatoa moja, analiweka chini, anatoa jingine. Mume mwenye akili hutafuta neno jema mapema, na kazi inasimama. Akinyamaza, mwanamke anaendelea, na majani yakiisha ndoa nayo imekwisha. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Mama Zawadi, jirani yetu, aliivua nyumba yake asubuhi moja huku mume wake akijifanya anatafuta kitu katika mfuko wa mishale. Jua lilipofika katikati zilibaki fito tu, na Mama Zawadi akambeba mtoto wake, akashika njia ya kwao. Mume wake alishinda ndani ya zile mbavu, sote tukimwona, naye akijifanya hatumwoni.

Kijiji kilikuwa na mkuu wake, Mnande mrefu mwenye fimbo nyeusi, ambaye sote tulimwita Kapita. Hakuwa mtu mbaya. Sisi tulimlimia na kumvunia, tukampelekea nyama na asali, naye alitupa ndizi, muhogo na chumvi. Mtu wa serikali akija kuuliza habari zetu, Kapita ndiye aliyejibu. Mambo yalikatwa katika baraza lake, paa la nyasi juu ya nguzo, moto katikati. Wanaume wa kijiji waliketi kwenye mabenchi kuuzunguka moto. Wanaume wetu walichuchumaa nje kidogo, pale maji ya paa yanapodondokea. Wanawake wa kijiji na wa kambi walipita tu kuweka chakula, wakarudi. Mimi nilidhani hawakai kwa sababu ya moshi.

Msimu ule alikuja mfanyabiashara kutoka Butembo, ndani ya pikapu nyekundu. Watu walisema ana maduka huko Kimemi, na sasa anataka kupanda kakao. Alitembea mashambani na Kapita mpaka akafika kambini kwetu. Akakanyaga chini kwa nguvu, huku na huku, kama mtu anayejaribu viatu vipya, akasema, “Hapa njo pazuri.” Nilifurahi. Nilidhani anatusifu.

Jioni wanaume wetu waliitwa barazani. Palikuwa na pombe ya ndizi, kreti ya bia za chupa, chumvi na mapanga mapya. Mjomba wangu Tomasi, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Kapita ndiye aliyemchagua, na nadhani alimchagua kwa sababu mjomba hakuwahi kumkatalia mtu aliyemshikisha kikombe. Baba yangu naye alikwenda. Walirudi wakiimba.

Asubuhi mjomba akawaambia wanawake, bila kuwaangalia, “Tutahama. Kapita atatuonyesha pahali pengine, kule ngambo ya matope.”

Matope tulivyoyajua ni bwawa. Mbu wa kule walikuwa wanaanza kazi mchana. Pale tulipokuwa palikuwa na kijito safi, na nyanya yangu alikuwa amezikwa pale, na njia zote za kwenda kuwinda zilianzia pale.

Mama hakuwa msemaji. Alikuwa mfupi hata kwa sisi tulio wafupi, na sauti yake ilikuwa ndogo hata watu walilazimika kuinama ili wamsikie. Kabla ya kusema alikuwa anasafisha koo, kama anaomba ruhusa.

“Nani alikubali?” akauliza.

“Sisi bote.”

“Bote ni nani?”

“Mama Neema, usinitafutie mambo. Kichwa inaniuma.”

“Itakosa kukuuma? Imekunywa kambi muzima.”

Wanawake wakacheka. Mama hakucheka. Neema ni mimi, na ninakumbuka kwamba alinitazama kidogo, akamtazama na mdogo wangu Bahati aliyekuwa na homa mgongoni mwake, kisha akaenda nyumbani kwake. Akanyoosha mikono juu, akasimama kwa vidole vya miguu. Akatoa jani la kwanza.

Niliganda. Baba alikuwa ameketi chini akishona wavu, macho mekundu. Akaliona lile jani likiwekwa chini, akaona la pili, na mikono yake ikasimama. Nikamkimbilia.

“Baba, omba musamaha.”

“Musamaha ya nini?”

“Sijui. Omba tu.”

“Wee mutoto, nenda kule.”

Nikarudi kwa mama, nikaanza kuokota majani na kumrudishia mkononi, moja moja. Aliyapokea na kuyaweka chini tena, bila hasira, kama mtu anayepokea kuni. “Acha, Neema,” alisema. “Shika mutoto.”

Basi nikajua kwamba imekwisha. Nilimchukua Bahati, nikaketi, nikaanza kupanga maisha yetu. Bahati alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo atakwenda na mama. Mimi nitabaki na baba, maana baba hawezi kupika, na mtu asiyeweza kupika hawezi kuachwa peke yake. Tulikuwa na sufuria moja yenye kifuniko. Nilifikiri sana juu ya sufuria ile. Mwisho niliona haki ni kwamba mama achukue sufuria kwa ajili ya uji wa Bahati, na baba abaki na kifuniko. Nikakichukua kifuniko, nikakibana kwapani ili mtu asije akakichanganya na vitu vya mama. Moyo uliniuma kiasi kwamba sikuweza hata kulia.

Kisha nikamwona Mama Zawadi, aliyekuwa amerudi kwa mume wake na kujenga upya, akitoa jani. Na mke wa mjomba Tomasi akitoa jani. Na bibi kizee mmoja ambaye mume wake alikufa zamani, naye akitoa jani. Hapo nilichanganyikiwa. Nikafikiri, kumbe leo wanawake wote wanawaacha wanaume wote, hata waliokufa.

Ilisikika tu ile sauti ya majani yakichomoka na kuanguka, na harufu ya moshi wa zamani iliyokuwa imelala ndani ya paa ikatoka nje, kambi nzima ikanukia kama chakula.

Mke wa Kapita ndiye aliyetukuta hivyo. Tulimwita Mama Masika. Alikuja na kikapu chake kuwaita watu wa kuvuna maharage, akafika kati ya nyumba zile, akazunguka akitazama, akaweka kikapu chini.

“Munaenda wapi?” akauliza.

“Mbali,” mama alijibu.

“Na maharage?”

Mama alitoa jani jingine. Mama Masika alimtazama, kisha nikaona mdomo wake unataka kucheka. Akaondoka haraka, na hakuchukua kikapu.

Kapita alikuja na mfanyabiashara nyuma yake, na Mama Masika nyuma yao wote. Sasa ninajua alichokiona Kapita. Kambi isiyo na majani ni kambi inayohama, na sisi tukiingia msituni ndani kabisa, hakuna anayetufuata. Maharage yalikuwa yamekauka shambani. Mvua ilikuwa juu ya mlima. Lakini wakati ule niliona tu mtu mrefu mwenye uso uliovimba kwa hasira.

“Tomasi! Kuko nini hapa? Hatukupatana jana?”

Mjomba alikuna kichwa. “Tulipatana, Kapita.”

“Basi wambie bibi zenu barudishe majani!”

Mjomba akamtazama mke wake, akatazama fito za nyumba yake. “Kapita, nyumba haiko yangu,” akasema. “Ni ya huyu mama. Miye nalalaka tu mule.”

“Na weye?” Kapita akamgeukia baba yangu.

Baba aliacha wavu, akasimama. Nilimwona akitafuta maneno, na nilifikiri sasa ndipo ataomba msamaha. “Hata miye, Kapita,” akasema. “Uliza mwenye nyumba.”

Akamwuliza mwanaume mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema hivyo hivyo. Hawakuwa wamepanga. Ndivyo ilivyo kwetu, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusema vinginevyo bila kuchekwa mpaka kufa kwake. Jana barazani walikuwa wametoa mahali ambapo hawakuwa na hata jani moja.

“Miye sisemeshe banamuke juu ya mambo ya udongo,” Kapita akasema. “Mambo ya udongo ni ya baraza.”

Mama akasafisha koo. “Sawa, Kapita. Baraza ikuje. Tuko hapa.”

“Unasema nini?”

Ilimbidi ainame. Mama akarudia.

Mfanyabiashara akacheka kwa pua. “Kapita, unaacha bibi wa Mumbuti akuchezee hivi?”

“Patron,” Mama Zawadi akasema, “wewe ukuje kuvuna maharage. Tunaona uko na mikono mizuri, hazijaguswa.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo mvua ikaanguka.

Mvua ya kwetu haianzi kidogo kidogo. Mfanyabiashara alikimbilia pikapu yake, akapotea. Kapita alibaki amesimama, maji yakimtiririka kwenye fimbo. Wanawake waliketi chini, kila mmoja ndani ya mbavu za nyumba yake, na watoto wao mapajani, na maji yakawapiga kama yanavyopiga mawe. Mimi nilimfunika Bahati kichwa kwa kifuniko cha sufuria. Alikuwa wa moto sana, na alikuwa ameacha kulia, jambo lililonitisha kuliko kilio.

Baba akaja. Akachuchumaa mbele ya mama. “Mama Neema, mutoto atakufa.”

Mama aliwatazama wanawake wenzake.

“Nisikie. Nilikosa jana. Nilikunywa, nilikosa. Lakini mutoto analowa.”

Msamaha nilioutaka asubuhi ulikuwa umefika, na mama hakurudisha jani. Alimtazama Bahati kwa namna ambayo sijawahi kuisahau, na kwa muda niliamini atasimama na kusema, basi, tuhamie matope. Angesema hivyo, hakuna mwanamke ambaye angemlaumu. Badala yake alimchukua Bahati kutoka kwangu, akatoka ndani ya fito, akamwendea Mama Masika, mke wa Kapita, aliyekuwa amejifunika kitenge kizito juu ya kingine. Hakumwomba kwa maneno. Alimnyooshea mtoto tu.

Mama Masika akampokea, akamfunga kifuani chini ya vitenge vyake. Kisha akaketi chini katika matope, katikati ya wanawake wetu.

“Mama Masika, amuka!” Kapita akasema. “Amuka twende!”

“Niko napumuzika.”

“Mu mvua?”

“Miaka yote naletaka chakula kwa baraza, hakuna siku walinikaribisha kukaa. Leo nimepata baraza.”

Sijui ni kitu gani kilimshinda Kapita, kama ni maharage, au mvua, au kumwona mke wake ameketi chini na mtoto wa Kimbuti kifuani. Hakuwahi kusema. Alitafuta pa kukaa, akakiona kinu chetu, akakigeuza, akakikalia. Akaweka fimbo chini.

“Haya. Semeni.”

Mama akasogea karibu kwa sababu ya sauti yake. Sikusikia yote. Niliyoyasikia ni haya: “Ukitaka kutoa pahali tunalala, uulize sisi tunaojenga. Hatukatae wewe uko mukubwa. Tunakataa kusikia mambo yetu asubuhi kwa mutu mwenye kichwa inamuuma.”

Kapita akacheka, bila kupenda. Mjomba Tomasi akatazama miguu yake.

Walizungumza mpaka mvua ilipokatika. Mfanyabiashara alionyeshwa ardhi nyingine, karibu na barabara, na kakao yake ilimea huko. Alimpita Kapita bila salamu kwa msimu mzima. Bahati alipona. Nasema hivyo haraka, lakini haikuwa haraka. Usiku kadhaa mama hakulala, na hakuna aliyejua kama tumeshinda au tumemuua mtoto.

Siku ile ile, watu walipoanza kusimama na kukamua nguo, mama aliniona bado nimeshika kile kifuniko.

“Na hicho ni cha nini?”

“Sufuria ni yako,” nikamwambia. “Kifuniko ni ya baba. Miye nitabaki naye.”

Kambi nzima ilicheka. Kapita alicheka mpaka akashika kinu. Baba alicheka huku akifuta macho, na ninadhani si mvua tu aliyokuwa anaifuta. Mama peke yake hakucheka. Miaka mingi baadaye, hapa Beni, tukichambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, nilimkumbusha kichekesho kile. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, “Hukukosea sana. Nusu nilikuwa nakwenda kweli. Baba yako alinikosea sana ile usiku.” Baba alikuwa amekwisha kufa, na sote wawili tulikuwa tunamkumbuka.

Baada ya siku ile, baraza likiwa na neno linaloihusu kambi, Kapita alimtuma mtu kumwita mama. Mara ya kwanza aliketi nyuma ya nguzo. Mzee mmoja wa kijiji, tate kama tulivyowaita wazee wa pale, akasema kwa sauti, “Kesho na kuku zetu zitaingia humu.” Mama akasafisha koo. “Kuku zinaingiaka tangu zamani, tate. Miye njo nilichelewa.” Waliosikia wakawaambia wasiosikia, na tangu hapo hakuna aliyemgusa kwa maneno. Hakuwa anasema mengi. Nilikwenda naye mara nyingi, nikalala nimeegemea mgongo wake katika moshi ule ule niliodhani unawazuia wanawake. Alisema juu ya njia ya kijito, juu ya mbwa wetu waliouawa, juu ya mapanga ya kazi. Siku moja alisema juu ya shule. Watoto wetu walikuwa wanarudishwa mlangoni kwa sababu ya kunuka moshi, na yeye aliuliza tu kama kuna mtu katika baraza lile ambaye hanuki moshi. Ndiyo sababu nilisoma mpaka mwaka wa sita, na ndiyo sababu ninaweza kuandika haya.

Nikisema ninaikumbuka kambi, watu hapa mjini wanadhani ninakumbuka uhuru wa msitu, nyama na asali. Vilikuwapo, na njaa ilikuwapo pia. Ninachokitamani ni asubuhi mama akirudi na mzigo wa majani juu ya kichwa, maji ya umande yakimdondokea mabegani, akaniita nimshikie fito. Ninatamani kuona mtu mfupi akinyoosha mikono kwenye kitu ambacho ni chake.

Vita vilipofika upande wetu hatukupata nafasi ya kufikiri. Watu wenye silaha waliingia kijiji cha jirani, tukasikia, tukaondoka na tulichokuwa tumeshika. Nyumba tuliziacha na majani yake yote. Tulikwenda Oicha, kisha Beni. Hapa tulipewa pembe ya kiwanja, tukajenga kwa mbao na hema la plastiki. Mjenzi alikuwa kijana wa mtaa, na mama alisimama pembeni mikono ikining'inia, kama baba zamani. Ndani ya plastiki hakuna harufu. Ukilia, sauti inarudi.

Hata hapa watu wa mashirika walimwita katika mikutano. Sasa tulikuwa na jina jipya la Kifaransa, peuples autochtones, yaani wenyeji wa asili. Mama alilirudia njiani akicheka, “Ni chakula gani hiyo?” Kulikuwa na ukumbi, viti vya plastiki, soda. Mara ya kwanza waliwaomba wanawake wetu wafungue mkutano kwa ngoma. Mama alicheza vizuri, wakampiga picha, wakampa soda, akarudi. Mara ya pili waliomba vile vile. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Akasimama, akasafisha koo, na kijana wa kipaza sauti akamsogezea ile mashine. Kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ilikuwa kubwa, hata yeye alishtuka.

“Mwaka ule nilicheza miye,” akasema. “Leo mucheze nyinyi. Miye niseme.”

Wanawake wa Kinande waliokuwa nyuma walipiga makofi kwanza. Akasema juu ya kurudi. Kwamba asiyejua mahali watu wanapotoka asiwapangie mahali pa kwenda. Kwamba ardhi ya kambi ina wenyewe, hata kama sasa haina watu. Waliandika. Hakurudi. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa, na kila ilipofunguliwa alikuwa anauliza hali ya hewa huko, kama mtu mwenye nguo zilizoanikwa.

Siku ya mwisho ya matanga, mchana, pikipiki ilisimama nje, na mzee akashuka akisaidiwa. Sikumtambua mpaka nilipoiona fimbo. Kapita naye alikuwa amekimbia. Alikuwa anaishi kwa mtoto wake huko Butembo, karibu na Rughenda, na Mama Masika alikuwa amekufa kabla ya mama. Tulimpa kiti. Alikitazama, akakisogeza pembeni, akaketi mkekani na sisi, taratibu, goti moja kisha lingine.

“Huyu mama alininyeshea mvua,” akawaambia waombolezaji. “Tangu ile siku kifua yangu haijapona.”

Watu wakacheka, wengine wakalia. Akangoja wamalize. Kisha akatuambia lililomleta, mbali na pole. Baadhi ya watu wa kijiji wameanza kurudi mashambani mchana, na jioni wanatoka. Na mtoto wa yule mfanyabiashara wa kakao amempigia simu. Anasema kambi ya Wambuti imekuwa kichaka tu, wenyewe wametawanyika, mama yao amekufa. Anataka ile ardhi.

“Miye sina kijiji ya kuongoza tena,” Kapita akasema. “Lakini bado wananiulizaka. Nikaona siwezi kujibu bila kuuliza hapa. Nitamujibu nini?”

Alikuwa akimtazama Bahati, ambaye sasa ni mwanaume mwenye ndevu na watoto wawili. Bahati akatazama mkeka. “Uliza dada,” akasema.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu. Nilitaka kusema kwamba sijui, kwamba mimi nimezoea kuishi ndani ya plastiki, kwamba mikono yangu haijawahi kujenga kitu. Yote hayo yalikuwa kweli. Kapita aliinama mbele, ingawa nilikuwa bado sijafungua mdomo.

“Mwambie hatujatawanyika,” nikasema. “Mwambie wenyewe wa kambi ni mimi na Bahati, na Mama Zawadi yuko Oicha na watoto wake. Akitaka kusema juu ya ile ardhi, akuje hapa, aketi, aseme na sisi. Asikupigie wewe simu.”

“Akuje hapa, aketi,” Kapita akasema.

“Ndiyo, tate.”

“Asinipigie miye simu.”

“Ndiyo.”

Alirudia yote tangu mwanzo, polepole, akigusa kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyetumwa mbali na anaogopa kusahau njiani. Alipokosea mahali pa Mama Zawadi nikamrekebisha. Kisha Bahati akamwinua, tukamsindikiza mpaka kwenye pikipiki, naye akaondoka bado midomo yake inakwenda.